Projestus Rwegoshora, Aliyetenga Vijidudu Hai Katika Damu (1908–1956)

Ndugu kutoka Bukoba, majirani wa Temeke, nanyi wafanyakazi wenzake, huyu tuliyemzunguka leo ni Projestus Rwegoshora, kitinda mimba wa marehemu Mzee Adelard na marehemu Mama Tekla. Alizaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 14 Novemba 1908, senene, wale panzi wa kuliwa, walipokuwa wameanza kushuka. Dada yake Kokushubila, aliyekuwa msichana mkubwa tayari, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea.

Kwao senene waliokotwa na wanawake, wakasafishwa na wanawake, wakaliwa na wanaume. Projestus hakukaa na wanaume kungoja kula. Aliingiza mikono kapuni akachambua. Wa kijani hakumtaka, wa kahawia hakumtaka. Alimtafuta wa zambarau, ambaye kapu zima laweza kuisha bila yeye, tena alimtaka mzima, na mabawa yake. Siku moja Mzee Adelard njaa ilimzidi akauliza, "Hilo kapu linakwenda jikoni au barazani kwa mkungu wa kijiji likahukumiwe?" Mtoto akamjibu baba yake, "Bado sijampata, Ta." Watu walikula wamechelewa.

Alisoma shule ya misheni Mugana toka 1918 hadi 1924. Herufi alikuwa amekwisha kuzijua, maana dada yake alisoma kwa masista kabla yake na ndiye aliyemfundisha, jambo ambalo si vibaya likikumbukwa. Hesabu zilimtesa. Kuchora kulimpenda.

Mwaka 1929 alishuka Dar es Salaam, akaajiriwa kuosha vioo katika maabara moja ya utafiti wa maradhi. Baada ya miaka mitano akawekwa kwenye hadubini, na hapo ndipo sisi wa nyumbani tulipopotea. Kazi yenyewe, kwa jinsi alivyoieleza, ilikuwa hivi: katika tone la damu ya panya mgonjwa mna chembe nyekundu zisizo na idadi, na katikati yao vijidudu vya malale wanacheza. Wengi ni wembamba wenye mkia mrefu. Mara chache hutokea mmoja mfupi, mnene, asiye na mkia. Huyo ndiye Projestus aliyemtafuta. Alimnyonya kwa mrija wa kioo mwembamba kama unywele, akamweka peke yake kwenye tone lake, akamwangalia tena ahakikishe yuko mmoja na yu hai, kisha akamtia katika panya mzima ili kizazi chote kitoke kwa mama mmoja. Mwenzake wa kazi, Marijani wa Mtoni, alimfundisha kanuni moja: "Usiyemtenga hujamwona." Baadhi ya majirani walisema ni mumiani. Wamesamehewa, wengine wako hapa leo na wamechota maji ya msiba.

Tarehe 16 Mei 1936 alifunga ndoa na Genoveva, binti wa Mzee Ansbert, karani wa bandarini. Kokushubila ndiye aliyekwenda kuposa pamoja na wazee, na ilikuwa kazi.

"Kijana wenu anafanya nini?" aliuliza Mzee Ansbert.

"Anatafuta mdudu," alijibu Kokushubila.

"Akishampata anamuua?"

"Hapana, baba. Anamfuga."

"Anamfuga wapi?"

"Ndani ya panya."

Mzee Ansbert akawageukia wenzake. "Basi binti yangu ataolewa na mfuga panya. Mahari ni mbuzi au ni paka?"

Walicheka, wakakubali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wilbert na Benedicta.

Mwezi Aprili mwaka huu mrija ulivunjika mkononi mwake ukamchoma kidole. Mwezi Juni akaanza homa, kisha usingizi wa mchana, kisha kusahau majina. Daktari aliyemtibu alisema dalili ni za malale, lakini zaweza kuwa za kitu kingine. Dawa ya malale yenyewe ni sumu, na hawampi mtu mpaka kijidudu kionekane katika damu yake.

"Na asipopewa?" Genoveva aliuliza.

"Kama ni malale, atakufa."

"Na akipewa, naye hana?"

"Dawa yenyewe yaweza kumuua."

Marijani alitafuta katika damu ya mwenzake siku baada ya siku. Tarehe 6 Agosti alikuja mbio wodini, jasho linamtoka. "Kaka, nimemwona! Mwembamba, anazisukuma chembe!"

Projestus siku hiyo alikuwa na akili zake zote. "Ulimtenga?"

"Sikuwahi. Tone lilikauka."

"Daktari alimwona?"

"Alipofika, mdudu alikuwa hayupo tena. Lakini kaka, ameniambia anaridhika na neno langu. Ukikubali, sindano leo hii."

"Basi hujamwona, Marijani. Tafuta tena."

Genoveva alilia. Kokushubila alimgombeza kama mtoto: "Projestus, hii ni damu yako, si ya panya!" Akajibu kwa upole, "Ndiyo hiyo hiyo, dada. Inaangaliwa vile vile." Hakukubali. Alilala tarehe 8, hakuamka. Tarehe 9 Agosti 1956, alfajiri, alikata roho.

Mnauliza alikufa kwa ugonjwa gani. Hatujui. Kama Marijani alimwona kweli, basi ndugu yetu aliikataa dawa yake kwa ulimi wake. Kama hakumwona, basi marehemu alikuwa sahihi, na sisi tuliomlilia apigwe sindano ndio tuliokuwa tukimpeleka kaburini. Damu yake ya mwisho imetiwa katika panya mmoja mweupe, ambaye ataugua kama yalikuwa malale, na mpaka jana jioni panya huyo alikuwa anakula vizuri. Kokushubila amesali na rozari mkononi, hajui amwombee panya augue au apone.

Marehemu ameacha mjane, Genoveva, watoto, Wilbert na Benedicta, dada, Kokushubila, na Marijani, ambaye familia imemhesabu kuwa ndugu wa tumbo moja na atatupa udongo pamoja na watoto. Jana alimwuliza Kokushubila, "Bibi, nikiona kitu kwa yule panya, nije niseme?" Dada wa marehemu akamjibu, "Njoo. Ukiona njoo, usipoona njoo. Kula na sisi kwanza, ndipo useme."

Bwana amlaze Projestus mahali pa utulivu, apumzike kwa amani.