Ngazi ya Chumba cha Juu

Tangu gari litoke Kibondo, Asmahani hakuwa na habari na furushi lake la vitenge. Masikio yote yalikuwa siti ya mbele, kwa wanaume wawili waliokutana humo humo garini na kuanza kubishana juu ya filamu moja ya zamani.

Mmoja alikuwa mwalimu wa chuo huko Kasulu, aliyeandika kurasa arobaini kuisifu sehemu moja tu: mwanamke anapanda ngazi kuelekea chumba kilichofungwa. "Hakuna muziki, hakuna neno, ni nyayo tu," alisema. "Lakini nyie watafsiri wa vibanda vya video mnaiharibu. Mnamtaja muuaji watu hawajakaa vizuri."

Mwenzake, Ndihokubwayo, alikuwa na kibanda cha video Murungu, alikowatafsiria watazamaji filamu kwa kipaza sauti ambacho, kwa maelezo yake, hakikupumzika miaka tisa. "Mwalimu, pale kwenye ngazi nilikizima kipaza sauti. Watu waliacha hata kutafuna karanga."

Mtu anayelipwa kuongea, sasa anajisifia kunyamaza, mwalimu akawaza. Alichomoa kalamu, akaandika hilo pembeni mwa ukurasa mmoja wa zile arobaini alizokuwa amezipakata. "Hata hivyo, ngazi ndiyo iliyofanya kazi, si wewe."

"Ingefanya kazi gani kama ningeongea?"

Gari likasimama Makere. Asmahani, mguu mmoja tayari chini, akageuka. "Jamani, na mle chumbani mlikuwa na nani?"

Wale wawili, ambao hawakuwa wamekubaliana neno njia nzima, wakatazamana.

"Nenda katazame, mama," wakajibu kwa pamoja.