Mama Fumua Atundika Futi Yake

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya kushona sare, msimamizi wetu, Mama Fumua, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Anayeandika haya amefanya kazi chini yake miaka kumi na minne, kwa hiyo nivumilieni.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Kola imekaa upande, fumua. Pindo limejikunja, fumua. Hilo tulilimeza. Kilichotuchosha roho ni kwamba alifumua hata watu.

Watu wa kila meza mpya walianza kwa adabu za ugenini: tafadhali dada, tangulia kaka, mkasi huu hapa. Wiki ya pili mkasi huo huo ulikuwa vita. Nani kauficha, nani kaacha sindano kitini, nani anajifanya bosi. Mama anatutazama tu, anapuliza chai yake! Tukishachoka kununiana, kila mtu akaijua kasi ya mwenzake, kazi ilianza kwenda yenyewe. Mkataji hajanyoosha mkono, chaki imeshafika. Hapo ndipo Mama alipotokea, akamhamisha mmoja wetu, akatuletea mgeni. Eti tumezoeana mno, tunaanza kuoneana haya kuambiana makosa. Jamani! Mwenzangu wa kola, tuliyeelewana kwa jicho tu, alihamishiwa meza nyingine hivyo hivyo. Nilimnunia Mama mwezi mzima. Hata hakugundua.

Mwaka huu ofisi ikatutangazia kwamba Mama akiondoka na karakana ikayumba, itafungwa, nasi tutatawanywa. Tukamsihi ateue mtu wa kushika nafasi yake. Akasema ataona. Ataona nini, na siku zinakwisha? Tulikasirika kweli.

Mwezi uliopita akaketi mashineni, akashona koti la mfano la oda kubwa. Mkono wa kushoto wa koti akauweka kulia. Sote tuliona. Zamani tungeinamisha vichwa. Safari hii fundi wa vifungo, mtu aliyegombana na kila meza humu ndani, alilitazama lile koti akasema neno moja: fumua. Mwenzangu wa kola akaitikia kutoka kwenye meza yake, nami nikasogeza wembe.

Mama akafumua. Kisha akaivua futi yake ya kupimia shingoni, akaitundika kwenye msumari ukutani, pale kila mtu anapofikia. Kama alikosea au alikuwa anatupima, hataki kusema. Ukimwuliza, anakohoa. Anaudhi, mama huyu, anaudhi hata katika kuaga!

Oda ile tumeimaliza wenyewe, na ofisi imekubali karakana ibaki.

Asante, Mama, kwa kutuchosha kiasi hicho. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na maisha mema nyumbani, na wajukuu wako tunawapa pole mapema. Jumatatu tunapokea mshonaji mpya. Tulikaa wote tukajadiliana nani ahame meza kumpisha. Wamenihamisha mimi, Mama. Umefurahi sasa?