Honi Ndani ya Ghala la Yusufali

Piiii! Saa nane za usiku honi ililia ndani ya ghala la marehemu Yusufali, mara moja tu, ikanyamaza, na mtaa mzima ukaamka ukakaa kitandani. Kulipokucha, kijiwe cha nyuma ya stesheni ya Tabora kilijaa mapema kuliko siku zote. Koleta, muuza kahawa, alimimina kutoka kwenye dele, birika lake la kahawa, jicho liko ghalani, maana yeye alijua: kisigino cha mwanawe Jonasi ndicho kilichokanyaga honi, na ufunguo wa ghala umefungwa kwenye pindo la kanga yake, na mtoto yumo humo sasa hivi, amelala kwenye gari, kioo kimeshushwa, kwa sababu chumba chao cha uani kinavuja na kifua chake kinakoroma, afanyeje? Bibi Fatmabai, mjane wa Yusufali, alimpa ufunguo afagie tu. Akamwambia: ukimwambia mtu kuwa gari hilo bado ni zima, hata mwanangu Huzefa, chumba huna.

— Lile jini, alisema Shomari, aliyeitwa Kamusi kwa kuwa hakuna asilolijua. Tena jini la mjini. Ya porini hayana honi.

— Jini gani, wewe! Mzee Lukumani, mstaafu wa reli, aliivuta kofia yake ya kazi. Mwaka sabini na mbili behewa nilifungua mimi, kwa mikono hii. Likashuka gari jekundu, milango miwili, limelala chini kama kenge. Yusufali akaliendesha hadi hapo, tumbo linakwangua mchanga njia nzima. Akalifungia. Halijatoka mpaka leo.

— Basi limechoka kukaa. Linajiwasha lenyewe.

— Hamna kitu nyie, alidakia Ngollo, fundi wa bajaji, jina la kijiwe Plagi. Huo ni msafara. Wapagazi wa pembe walipita hapa hapa kwenda pwani, na kuna kundi halijafika bado. Linaomba njia.

— Kwa honi?

— Baragumu limepasuka. Wangefanyaje?

Kicheko. Koleta hakucheka, alikuwa ametega sikio ghalani. Shomari akasimama.

— Tumwite mwenyekiti wa mtaa, tuvunje kufuli sasa hivi.

— Nyundo ninayo, alisema Lukumani. Ya reli ile.

— Kunyweni kwanza, baba zangu, bado ya moto, kashata zipo, halafu mwenyekiti mwenyewe kaenda Urambo, nimemwona kabisa, kapanda basi alfajiri, na begi kabeba!

Hakuwa amemwona.

Pembeni alisimama mgeni, Masolwa, ameshuka kwenye treni kutoka Tura na kuku kwapani. Akarudisha kikombe.

— Samahani, wazee wangu. Kabla ya nyundo. Ufunguo anao nani?

Lukumani akamtazama Shomari, Shomari akatazama kahawa yake. Kamusi mzima, hakuna ukurasa. Koleta akalikamata pindo.

Piiiiii!

Shomari aliruka benchi. Lukumani alikimbia, kofia ikabaki. Masolwa na kuku wake wakashika njia ya stesheni. Koleta peke yake alikimbilia ghalani, akafungua kufuli. Magunia ya tumbaku yaliyolifunika yalikuwa yameteleza, gari linang'aa jekundu kama la jana, na Jonasi amesimama kwenye kiti, kang'ang'ania usukani, anacheka.

Nyuma yake mtu alikohoa. Ngollo, kikombe bado mkononi. Akainama kusoma saa ya kilomita.

— Kumi na moja. Tangu lizaliwe.

— Plagi! Kumbe ulishaliona?

— Betri nimeweka mimi, wiki iliyopita. Bibi alitaka kuisikia tena honi ambayo marehemu alimpigia getini kwao siku gari lilipofika, kabla ya kulifungia. Akaniapisha. Wale wapagazi unadhani niliwatoa wapi? Nilikuwa nawapoteza maboya wenzangu.

Koleta alimbana mtoto kifuani.

— Kaka yangu, nakuomba, hili neno likitoka tumekwisha, Huzefa atakuja na wanunuzi wa Dar, bibi atanifukuza, na mvua hizi mimi na huyu tutalala wapi, nakuomba, hujamwambia mtu?

— Mimi? Thubutu.

Akanywa. Akaangalia dari.

— Plagi.

— Mke wangu tu, pale saluni. Na wote waliokuwepo wameapa, hawamwambii mtu mwingine.