Droo ya Bi Sittou

Bi Sittou Maoulida anastaafu tarehe 30 Juni 2017, baada ya miaka thelathini na minane ya kupanga herufi na kutomruhusu mtu mwingine azishike.

Alianza mwaka 1979 huko Dzamandzar, Nosy Be, kwenye karakana ndogo ya kuchapa lebo za magunia ya sukari. Kila mpangaji alikuwa na droo yake ya herufi za risasi, na kutia mkono katika droo ya mwenzako kulikuwa ni ufidhuli. Alipohamia kwetu, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Mangarivotra, Mahajanga, droo hiyo alikuja nayo kichwani.

Zikaja kompyuta. Humo kuna maktaba ya programu inayochora herufi, nayo husoma faili la mipangilio ili ijue ikatafute fonti, yaani maumbo ya herufi, kwenye folda gani. Wengine huandika folda ya wote. Bi Sittou aliandika folda yake binafsi, basi.

Mwaka 2009 meneja wetu, Bwana Fazul, alileta mashine mpya bila kumwuliza. Ratiba ya Maulidi ikatoka kurasa nane za visanduku vitupu badala ya herufi. Bi Sittou, aliyekuwa likizoni kwa dada yake huko Katsepy, ng'ambo ya ghuba, alivuka kwa kivuko, akaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, akamaliza chai yake, akavuka tena. Alipoombwa maelekezo ya maandishi, alitoa karatasi yenye neno moja: Niulizeni.

Mwaka huu mzaha uliisha. Kwa kanuni, akaunti ya mstaafu hufutwa siku anayoondoka, pamoja na folda zake, na fonti zetu zote za Kiarabu zilikuwa humo. Bwana Fazul aliomba mara tatu zihamishwe. Mara tatu akaambiwa haraka haraka haina baraka. Mimi mwanafunzi wake niliogopa kweli.

Alhamisi iliyopita aliniketisha kwenye kiti chake, akafunga mikono nyuma. Nikanakili fonti kwenye folda ya wote, nikabadilisha njia ya folda kwenye faili la mipangilio, nikachapa jina lake kwa Kiarabu. Visanduku. Hakunisaidia. Nilikuwa nimesahau kuiamuru maktaba ijenge upya orodha yake ya fonti. Safari ya pili jina lake likatokea, kila herufi mahali pake. Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Kisha akaifuta folda yake kwa mkono wake mwenyewe.

Bwana Fazul, aliyekataza kwa waraka folda zenye majina ya watu, ameipa folda ya wote jina la Sittou.

Asante, Bi Sittou. Ukae kwa amani huko Katsepy, macho yako yapumzike. Tukiona visanduku, tutajaribu mara mbili kabla ya kupanda kivuko.