Ngoma ya Kimanzi na Zimwi la Darajani

Kule Makongeni, nyuma ya saluni ya Phelister, kuna benchi la mataruma ya reli lililokaliwa hadi likafanya mabonde, na kila bonde lina mwenyewe. Watu huliita Base. Hapo Haidari huuza kahawa chungu, na hapo, tangu Januari, watu wazima wenye wajukuu hupigana na mazimwi. Usicheke. Mchezo huo waliachiwa na Rayyan, mwanawe Haidari, alipopata kazi Eldoret: kitabu cha sheria, dadu saba na karatasi. Kila mchezaji ana mtu wake wa karatasi, mwenye jina, nguvu na silaha. Mtu huyo akifa, karatasi inachanwa. Phelister ndiye peke yake aliyekisoma kitabu hadi mwisho, kwa hivyo wakamfanya msimamizi, wakamwita Jaji. Jumatano hiyo watu wao watatu walikuwa wamekwama kwenye daraja la kamba lililochorwa nyuma ya kalenda, na zimwi limewazibia njia. Panga la Breki lilikuwa limevunjika na mishale ya Haidari imekwisha. Alibaki mwimbaji wa Kimanzi na ngoma yake.

— Kitabu kinasema hivi, — Phelister alisema, kitana kikiwa bado kichwani. — Ala ya muziki inaweza kuwa silaha. Ngoma nzito kama hiyo ukilitandika nayo zimwi kichwani, litaanguka. Lakini itapasuka, na ikipasuka haishonwi.

— Sipigi mtu na ngoma, — alisema Kimanzi.

Ilikuwa siku ya tatu akisema hivyo. Kimanzi alikuwa karani wa reli miaka thelathini, na karani akishapiga muhuri, amepiga.

— Buda, sikia, — alisema Breki, dereva wa lori la mchanga, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haujawahi kuwa nazo. — Tuko watatu kwa hiyo daraja. Ukikataa tunadedi wote. Miezi nane inaenda hivyo tu, juu ya ngoma?

— Juu ya ngoma.

— Wahenga walisema ngoma ikilia sana itapasuka, — Haidari aliingilia, akimimina kahawa. — Sasa kama ni ya kupasuka tu, si ipasukie kichwani mwa adui?

— Haidari, hiyo methali haina maana hiyo, — alisema Kimanzi.

— Methali ni zetu sisi watu wa Pwani. Usinifunze.

Babu yake ndiye aliyetoka Lamu. Haidari mwenyewe alizaliwa Pumwani, na kusini hajapita Mtito Andei.

— Anaweza kubadilisha ala, — alisema Phelister. — Mara moja tu, kabla ya kurusha dadu.

Hapo ndipo alipochokoza nyuki.

— Siwa! — alisema Haidari. — Baragumu la wafalme. Ukilipuliza, zimwi linajikojolea.

— Zii! Chukua nyatiti, — alisema Breki. — Hiyo ni upinde wa ukweli. Nyuzi nane, mishale nane, unaachilia zote mara moja. Nane, manze!

— Ukiwa kwa daraja la kamba? — alisema Haidari. — Utaanguka wewe kwanza. Bora kayamba. Unaipasua, mbegu zinamwagika, zimwi linateleza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na wewe je? Si utateleza?

— Mimi nimevaa makubazi.

— Basi abaki na ngoma yake, — Breki alisema, na macho yakamng'aa. — Lakini asipige nayo. Aingie ndani! Zimwi linameza ngoma, na msee yuko ndani. Akifika tumboni, anaanza kuidunda mpaka tumbo lipasuke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini tumbo, wasee, tumbo husikia kila kitu!

— Jaji, hiyo iko kwa kitabu? — Haidari aliuliza.

Phelister alifunua kurasa kadhaa. — Haiko. Lakini haijakatazwa.

— Nimesema hapana! — Kimanzi alipiga benchi kwa kiganja. — Hiyo ngoma sikuitunga. Ni ya baba yangu, ya kilumi, ya kupungia pepo, alikuja nayo kutoka Mwala. Iko kwangu sebuleni sasa hivi. Mkitaka tufe darajani, tutakufa, lakini tutakufa nayo ikiwa nzima.

Wote walikuwa wameiona ngoma hiyo, imefunikwa kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki juu yake. Waliidhani ni stuli.

Wakati huo akaja Ayuma, mama aliyehamia nyumba ya kona wiki hiyo, na kikombe chake mkononi.

— Hamjambo, wazee? Kuna matanga?

— Hatujambo, mama, karibu, — alisema Haidari. — Matanga bado, lakini yako njiani.

Phelister alimweleza mambo yalivyo. Ayuma alichukua karatasi ya Kimanzi akaisoma polepole: kilo tisa, ngozi ya ng'ombe, ufa mmoja karibu na ukingo.

— Na inalia aje? — aliuliza.

— Inapiga alama nane, — Breki alijibu haraka.

— Hapana, baba. Nimeuliza inalia aje.

Breki aliinama kuitazama karatasi. Phelister alitafuta kitabuni, akakosa. Wote wakamgeukia Kimanzi.

Kimanzi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Baba yake aliokoka kabla yeye hajazaliwa, na tangu siku hiyo ngoma haikuguswa ila kwa kitambaa cha vumbi. Alijua uzito wake na harufu yake. Siku tatu nzima alikuwa ameitetea kwa roho yake yote, na hakuwahi kuisikia hata mara moja.

— Sijui, — alisema.

— Miaka sitini na mbili, buda? — Breki aliuliza, na safari hii hakuwa akitania.

— Sijui.

Phelister alifunga kitabu. — Basi hakuna dadu leo. Siwezi kuamua juu ya kitu ambacho mwenyewe hakijui.

Kimanzi aliinuka akaenda zake bila kuaga. Haidari alimwita mara mbili, akaacha. Kimanzi aliporudi alikuwa ameikumbatia ngoma kifuani, na majirani walikuwa wametoka milangoni kumtazama. Aliketi, akaibana kwa magoti. Ngozi ilikuwa baridi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa zimwi lolote: huenda ngozi ilishakufa, huenda marehemu mama yake angelia kumwona. Lakini alikuwa ameshatoka nayo nje, na kuirudisha bila kuisikia hangeweza.

— Unaanzia wapi? — Haidari alinong'ona.

— Sijui hata hilo.

Akapiga. Sauti ilikuwa nene, ya chini kuliko alivyotazamia, na ilimwingia magotini kabla ya kufika masikioni. Hakungoja iishe. Akapiga tena.