Kimo cha Asubuhi: Kumuaga Mwalimu Edvina Karugendo

Mwalimu Edvina Karugendo anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha michezo katika shule yetu ya wasichana hapa Muleba. Alipofika, uwanja ulikuwa kichaka na mpira wa shule ulikuwa mmoja, tena wenye kiraka. Leo makombe yamejaa kabati hadi mengine yanalala sakafuni kwa mhasibu.

Wanafunzi watamkumbuka kwa filimbi. Sisi wenzake tutamkumbuka kwa ile futikamba ya shingoni. Kila muhula alimpima kila msichana kwa sentimita, kisha akawatajia wazazi kwa futi na inchi, maana huku kwetu ndivyo watu wanavyojua kimo. Njia yake ni rahisi: gawanya sentimita kwa 2.54 upate inchi, kila inchi kumi na mbili ni futi moja, zinazobaki ziache zilivyo. Mwenzetu mmoja wa hesabu, ambaye leo ameketi meza kuu hivyo hatutamtaja, aliwahi kuzidisha mita 1.82 kwa 3.28, akapata 5.97, akatangaza futi tano na inchi tisini na saba. Kwa kimo hicho msichana angechungulia juu ya paa la bweni.

Msichana mwenyewe alikuwa Kokushubila wa Ijumbi, kidato cha nne. Chuo kimoja cha ng'ambo kilitafuta wachezaji wa mpira wa kikapu wa kuwasomesha, na sharti lilikuwa futi sita. Baba yake, mzee Protase, alishasema wazi kwamba baada ya kidato cha nne uwezo wake umeishia hapo. Mwalimu alimpima jioni, binti ametoka kubeba mikungu ya ndizi: futi tano, inchi kumi na moja na nusu na ushee. Ilipungua theluthi ya inchi tu.

Ushauri ukamiminika. Asuke nywele za juu, avae soksi tatu. Mwalimu aligoma kabisa. Hajawahi kumrefusha mtoto kwa kalamu. Kisha akatuacha midomo wazi. Alisema Kokushubila anazo futi sita, ila huwa nazo asubuhi. Katika kupima kwake kote alikuwa ameona kwamba mtu huamka mrefu, halafu mizigo na kusimama kutwa vikamshindilia mgongo kidogo kidogo hadi jioni.

Siku moja kabla ya mchujo wa chuo hicho mjini Bukoba, alimchukua binti hadi kwake Nshambya, akamkataza kubeba hata ndoo. Asubuhi hakumruhusu hata kuketi. Alikodi pikapu, akatandika godoro nyuma, akamlaza na kumfunika shuka gubigubi kwa sababu ya manyunyu. Walipopita Kashai, vijana wa bodaboda walisimama na kuvua kofia, na mama mmoja akaanza kulia. Kokushubila akatoa mkono kuwapungia. Inasemekana kijiwe kile kilihama siku hiyohiyo.

Uwanjani, Mwalimu aliwaeleza wageni wa chuo kila alichofanya kabla binti hajapimwa. Walicheka, wakasema kimo ni kimo. Sentimita 183. Mwalimu aligawanya papo hapo: futi sita, na unywele juu yake. Mzee Protase alipiga magoti kwenye nyasi mbichi, akaweza kusema tu kwa Kihaya, "Waitu mwalimu, waitu mwalimu," yaani mwalimu wetu.

Kokushubila sasa ni mtaalamu wa viungo na mifupa, na leo yuko nasi. Asubuhi hii, mbele ya wafanyakazi wote, aliomba futikamba ampime mwalimu wake. Ilibidi ainame. Mwalimu aliajiriwa akiwa na futi tano na inchi tatu. Leo ana futi tano na inchi mbili. Kokushubila akasema inchi ile haijapotea, anayo yeye.

Asante, Mwalimu Edvina. Kuanzia kesho hakuna kengele wala mzigo. Lala utosheke. Tunakutakia asubuhi njema nyingi, na kila moja uamke mrefu.