Jicho Aligoma Kupitisha Boksi

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, asubuhi, katika ghala la mizigo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wasikilizaji wapendwa. Siku hiyo ilimfanya mfua bati wetu kuwa mgane.

Mkewe, ambaye wenzake walimwita Jicho, aliendesha mtambo wa leza. Mwale wake humulika mzigo. Chembe za baruti, hata zisizoonekana kwa macho, hurudisha mwanga kwa namna yake, na mtambo huzitambua na kupiga kengele. Mfua bati hakusoma sana. Hili alifundishwa jikoni.

"Ni kama sauti gizani," Jicho alimwambia. "Humwoni mtu, ila akikohoa tu unajua ni mama mkwe."

"Hapo kengele lazima ilie!"

Walicheka mpaka chai ikapoa.

Sasa sikilizeni. Kengele ililia mno kwa sababu ya mbolea, ambayo chembe zake hufanana na za baruti. Wakulima wengi walituma mizigo pale, na foleni ikawa haisogei. Wakubwa wa ghala wakaamuru kengele isilie mpaka chembe ziwe nyingi. Narudia: mtambo haukuwa mbovu. Ulizibwa mdomo.

Jumanne ile, boksi moja lilipomulikwa, kengele haikulia. Lakini Jicho, macho kwenye skrini, aliona mistari miwili ambayo mbolea haina. Akalizuia boksi.

"Dada, pitisha, ni mbolea hiyo," msimamizi akafoka.

"Kama ni mbolea, njoo ulikalie! Wengine wote, nje!"

Wapakiaji wakakimbia. Msimamizi naye alitoka, tena wa kwanza. Jicho alikuwa bado anamsukuma mpakiaji wa mwisho mlangoni boksi lilipolipuka. Wapakiaji wote wako hai. Jicho hayupo.

Wakubwa wakatangaza: uzembe wa mwendesha mtambo. Kisha wakaja msibani na shada la maua.

"Shemeji, tumeumia sote," mmoja akaanza.

"Ushemeji umeanza lini? Lisafisheni jina la mke wangu kwanza, ndipo mlie."

Dada wa marehemu akamshika mkono. "Shemeji, tuwastahi wageni."

"Wageni hawamtukani maiti ndani ya nyumba yake."

Akalibeba shada mwenyewe, akalirudisha garini mwao.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajagonga bati, hupita kwenye geti la ghala. Wakubwa hupandisha vioo vya magari. Yeye haondoki mpaka aulize swali lake.

Mfua bati, na wanao, na shemeji yako, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Nawe msikilizaji, ukipokea mzigo wako leo, mfikirie aliyeukagua. Kisha umsaidie mgane huyu kuuliza: nani hasa, kwa jina na cheo chake, aliamuru kengele ile inyamaze?